Seva ya mtumba yenye viini 28 au mpya yenye viini 6: ipi inafaa kampuni ndogo?

Karani_wa_Mitambo

Salaam wakuu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limetugawa ofisini, na ambalo natakiwa kulipeleka mbele ya uongozi nikiwa na hoja zinazoeleweka hata kwa mtu asiye wa kompyuta.

Kampuni yetu ina wafanyakazi wapatao ishirini na seva moja tu ya mnara, yenye prosesa ya Xeon E3-1220 v2, RAM ya GB 16 na diski mbili za kuzunguka zilizounganishwa kwa RAID 1 (kila moja ni nakala ya mwenzake). Mfumo wake ni Windows Server 2012 R2, ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 10 Oktoba 2023, kwa hiyo hata kama chuma chenyewe bado kinapumua, hatuwezi kuendelea kukaa hapo tulipo. Kazi zake ni programu ya uhasibu na stoo inayotumia SQL Server Express (hifadhidata ya bure ya Microsoft), mafaili ya idara zote, Active Directory (orodha ya watumiaji na ruhusa zao) na uchapishaji. Kilio cha kila siku ni programu ya uhasibu. Ni nzito, na mwisho wa mwezi mtu huanzisha ripoti kisha akaenda kushika kazi nyingine akisubiri ikamilike.

Tumeletewa mapendekezo mawili. La kwanza ni seva ya mtumba ya kufungwa kwenye raki, yenye prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4, yaani jumla ya viini 28 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) na nyuzi 56 (kazi zinazoweza kwenda kwa wakati mmoja), pamoja na RAM ya GB 128. La pili ni seva mpya ya mnara yenye prosesa moja ya Xeon E-2436, viini 6 na nyuzi 12, RAM ya GB 32, SSD mbili na waranti ya miaka mitatu. Hii ya pili ndiyo ghali. Mkuu wetu wa fedha ameyatazama majedwali yote mawili, kisha akauliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa ufasaha: kwa nini tulipe zaidi ili tupate viini vichache na RAM ndogo?

Mimi mwenyewe navutiwa na ile mpya, lakini kuvutiwa si hoja. Naomba waliokwisha kushika mashine za aina zote mbili wanisaidie kuona nini hasa kinapaswa kuamua.

Waya_Mrefu

Ndugu mleta mada, mkuu wenu wa fedha amelisoma jedwali vizuri, ila jedwali hilo linaeleza uwezo wa kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, ilhali malalamiko yenu yanahusu jambo moja linalochukua muda mrefu.

Ripoti ya uhasibu kwa kawaida hukokotolewa na uzi mmoja, au michache sana. Kuongeza viini ni sawa na kuongeza makarani dirishani: foleni ya watu itapungua, lakini faili lako moja halitaandikwa haraka zaidi. Kinachoamua muda wa faili hilo ni kasi ya kiini kimoja, na hapo ndipo seva hiyo ya mtumba inapokosa la kujivunia. E5-2680 v4 ilitoka mwaka 2016, kasi yake ya msingi ni GHz 2.4 na hupanda hadi GHz 3.3. E3-1220 v2 mliyo nayo sasa, ambayo ni ya mwaka 2012, huanzia GHz 3.1 na kufika GHz 3.5. Ni kweli kwamba kizazi cha Broadwell, cha E5 hiyo, hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko kuliko Ivy Bridge ya E3 yenu, lakini faida hiyo inamezwa na upungufu wa GHz, kiasi kwamba kwa kazi ya uzi mmoja mtakuwa mmehama nyumba bila kuhama mtaa. E-2436 ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2023, hupanda hadi GHz 5, na kila mzunguko wake unabeba kazi nyingi zaidi. Kiini chake kimoja hufanya takriban mara mbili ya kile kinachofanywa na kiini kimoja cha E5 hiyo. Hili ndilo jibu fupi kwa mkuu wenu.

Hata hivyo, msinunue chochote kabla ya kupima, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba prosesa haihusiki. Diski ya kuzunguka ya 7,200 rpm humudu takriban maombi 75 hadi 100 ya nasibu kwa sekunde, na SSD ya kawaida humudu makumi ya maelfu. Ikiwa ripoti inasubiri diski, mtaweza kuleta prosesa yoyote mnayoitaka na bado mkasubiri.

Fungueni Resource Monitor, chombo cha Windows cha kutazama shughuli za mashine, wakati ripoti ya mwisho wa mwezi inapokimbia, mtazame mambo mawili: muda ambao diski inakuwa na shughuli, na matumizi ya kila kiini kimoja kimoja. Nasisitiza kimoja kimoja. Seva yenu ina viini 4 visivyo na nyuzi za ziada, kwa hiyo kiini kimoja kikijaa pomoni, grafu ya jumla itaonyesha asilimia 25 tu na mtu atasema mashine imelala. Kwenye ile ya mtumba yenye nyuzi 56, uzi mmoja uliojaa utaonekana kama asilimia 1.8. Nimeona watu wakikataa katakata kwamba prosesa ni tatizo kwa sababu ya grafu hiyo ya jumla.

Mkishapima, rudini na majibu tuyajadili.

Leseni_Kwanza

Naongezea upande ambao wauzaji wa seva za mtumba huupita kimya kimya.

Tangu toleo la 2016, Windows Server hulipiwa kwa idadi ya viini halisi, na si kwa idadi ya prosesa. Kiwango cha chini ni viini 8 kwa kila prosesa na viini 16 kwa kila seva. Seva yenye E-2436 ina viini 6, lakini mtalipia 16, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha chini. Seva yenye E5-2680 v4 mbili ina viini 28, na mtalipia vyote 28. Toleo la Standard likiwa limelipiwa kikamilifu hutoa haki ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) mbili za Windows. Mkitaka nne, mnalipia viini vyote upya, yaani 32 kwa seva mpya na 56 kwa ile ya mtumba. Leseni za watumiaji ziko palepale kwa upande wowote, kwa hiyo haziingii katika ulinganisho huu. Ombeni bei ya leseni kwa maandishi kwa kila moja ya hali hizo mbili kabla ya kusema kwamba seva fulani ni rahisi.

SQL Server Standard nayo, mkifikia siku ya kuihitaji na mkachagua kuilipia kwa viini, hufuata mantiki hiyohiyo, na hapo ndipo viini vingi vyenye kasi ndogo vinapogeuka mzigo wa kweli. Kila kiini mnachokilipia kinapaswa kufanya kazi kubwa iwezekanavyo.

Kuna na umeme. Seva haizimwi, kwa hiyo kila wati 100 za ziada ni kilowati-saa 876 kwa mwaka, nazo hugeuka joto ambalo lazima liondolewe chumbani. TDP (joto ambalo prosesa imesanifiwa kulitoa ikiwa kazini) ya E5-2680 v4 ni wati 120 kwa kila prosesa na ya E-2436 ni wati 65. Takwimu hizo si kipimo cha matumizi halisi, maana seva ya ofisi ndogo hukaa bila kazi ya maana sehemu kubwa ya siku. Lakini hata ikiwa imekaa kimya, mashine ya soketi mbili yenye vijiti vingi vya RAM, feni zake ndogo za kasi na pawa saplai mbili huweza kuvuta zaidi ya wati 100. Seva ndogo mpya yenye SSD hukaa chini sana ya hapo. Na umeme ukikatika, betri ileile ya UPS itaibeba kwa muda mrefu zaidi.

Mzee_wa_Raki

Waungwana, nimewasoma, na hesabu zenu sina ugomvi nazo, ila mnaihukumu seva ya mtumba kwa kazi moja. Ngoja niitetee kidogo, kwa sababu nimeziendesha kwa muda mrefu na bado naziendesha.

Kwanza, RAM. Seva za E5 v4 hutumia DDR4 ya aina ya RDIMM (vijiti vya seva vyenye chipu ya ziada ya kupokezana amri), ambayo imejaa sokoni kutokana na vituo vikubwa vya data kubadilisha mashine zake. Kila prosesa ina njia 4 za RAM na nafasi tele za kuongeza. E-2436 inatumia DDR5 ya ECC (yenye kurekebisha makosa) ya aina ya UDIMM (isiyo na chipu hiyo), njia 2 tu, na ukomo wake ni GB 128. Aina hizi mbili haziingiliani hata kidogo, na vijiti vya UDIMM vyenye ECC si bidhaa unayoikuta kila duka. Mtu anayetaka kuendesha mashine pepe kumi za Linux, kila moja ikiwa na kazi nyepesi inayohitaji RAM kuliko prosesa, atafaidi zaidi kwenye E5 kuliko kwenye seva mpya ya daraja la chini.

Pili, PCIe, yaani njia za kuunganishia kadi na diski za kasi. Kila E5 v4 ina njia 40 za PCIe 3.0, kwa hiyo kadi ya mtandao ya gigabiti 10, kadi ya RAID na SSD kadhaa za NVMe (zinazotumia njia hizo moja kwa moja) zinakaa pamoja bila kugombania nafasi. Tahadhari ni kwamba baadhi ya bodi za enzi hiyo haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe. Weka mfumo kwenye SSD ya SATA na data kwenye NVMe.

Tatu, kile alichokisema ndugu Leseni_Kwanza kuhusu viini 28 kina njia ya kukipunguza. Prosesa moja itolewe. Itabaki seva ya viini 14, ambayo kwa Windows inalipiwa kama ya viini 16, sawasawa na ile mpya, na matumizi ya umeme yatashuka. Anayefanya hivyo akumbuke kwamba nafasi za RAM za upande wa prosesa iliyotolewa hufa, na mara nyingi baadhi ya nafasi za PCIe nazo hufa pamoja nazo, kwa hiyo vijiti vihamishiwe upande uliobaki kwa kufuata mpangilio ulioandikwa kwenye mfuniko wa seva. Shimo la soketi lirudishiwe kifuniko chake cha plastiki, na pale ilipokuwa feni au kizibo cha hewa pasiachwe wazi, la sivyo hewa itapita njia ya mkato na prosesa iliyobaki itapata joto.

Mwisho, bei ya seva moja mpya inaweza kununua mbili za mtumba zinazofanana, moja ikafanya kazi na nyingine ikawa ghala la vipuri lililo mlangoni mwako. Kwa ofisi yenye fundi wake, hiyo ni waranti tosha. Kwa ofisi isiyo na fundi, sisemi hivyo.

Nakubali mpaka mmoja tu: msishuke chini ya E5 v3. E5 v2 hutumia DDR3 na haina maagizo ya AVX2 (ya kukokotoa namba nyingi kwa pamoja), ambayo yalianza na kizazi cha Haswell. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka mwaka 2025, inadai kiwango cha x86-64-v3 (orodha ya maagizo ambayo prosesa lazima iyajue, AVX2 ikiwemo), na prosesa isiyo na AVX2 haitaiendesha. AlmaLinux 10 imeweka toleo la pembeni kwa ajili ya prosesa za x86-64-v2, lakini programu za watu wengine zilizotengenezwa kwa x86-64-v3 hazitakimbia humo. Kwa hiyo anayesema tu kwamba ananunua Xeon E5 hajasema kitu. Herufi na tarakimu za mwishoni ndizo zinazoeleza umri wa mashine.

Leseni_Kwanza

Mzee, hoja ya kutoa prosesa moja ni nzuri, ila sasa umebaki na viini 14 vya GHz 3.3, na ripoti ya mleta mada iko palepale. Umepunguza gharama ya kutoipata kasi.

Swali la usalama pia umelipita. Udhaifu wa prosesa wa Meltdown na Spectre, unaoweza kuiruhusu programu moja kusoma siri za nyingine, ulipotangazwa Januari 2018, prosesa za Broadwell zilikuwa tayari sokoni, kwa hiyo kinga yake yote ni ya viraka vya programu na ya maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa), na kinga hizo zina gharama ya kasi, hasa kwa kazi zinazoingia na kutoka kwenye kernel (moyo wa mfumo) mara kwa mara kama hifadhidata. Intel ilianza kuweka sehemu ya kinga hizo ndani ya silikoni yenyewe kwa seva za Cascade Lake za mwaka 2019. Baada ya Meltdown na Spectre zilikuja pia dosari za aina hiyo, L1TF mwaka 2018 na MDS mwaka 2019, ambazo baadhi ya wataalamu walishauri zikabiliwe kwa kuzima Hyper-Threading (kila kiini kuwa na nyuzi mbili), na ukifanya hivyo zile nyuzi 56 zilizomvutia mkuu wa fedha zinakuwa 28.

Sitaki kuwatisha watu. Kampuni ambayo mashine pepe zote ni zake, na hakuna mgeni anayeendesha programu zake humo, haiko katika hatari sawa na mtoa huduma anayeweka wateja mia kwenye chuma kimoja. Kinachonisumbua zaidi kwenye seva hizi ni ule mlango wa usimamizi wa mbali. Kwenye vizazi vya zamani ukurasa wake bado unategemea TLS (usimbaji wa mawasiliano) za kale au Java ambazo vivinjari vya sasa vimeziacha, na kwa baadhi ya watengenezaji fimwea (programu ya ndani ya chuma) mpya haipakuliwi bila mkataba wa huduma. Mlango huo ukiwa wazi kwenye mtandao wa ofisi, mwenye kuuingia ameimiliki seva nzima hata kama Windows imepata viraka vyake vyote.

Karani_wa_Mitambo

Nawashukuru sana. Nimepima kama Waya_Mrefu alivyoelekeza, na matokeo yamenishangaza kidogo.

Ripoti ya stoo inapoanzishwa asubuhi, kabla mtu mwingine hajaitumia, diski hukaa kwenye asilimia 100 za shughuli na prosesa inakuwa karibu imelala. Ripoti hiyohiyo ikirudiwa papo hapo, diski inatulia sana na kiini kimoja kinajaa mpaka mwisho wa ripoti, vingine vitatu vikiwa havina kazi. Grafu ya jumla ilikuwa ikichezacheza kati ya asilimia 26 na 30, na ndiyo sababu tuliamini miaka yote kwamba prosesa inatosha. Ripoti ya mwisho wa mwezi, ambayo hupitia kumbukumbu za mwaka mzima, inapitia hali zote mbili kwa kupokezana: diski inajaa, inatulia, kiini kinajaa, kisha diski tena, hata ikirudiwa. Hifadhidata yenyewe ina ukubwa wa takriban GB 6. RAM iliyotumika haikuzidi GB 11.

Je, hiyo RAM ya GB 128 ingeondoa kusubiri diski, kwa kuwa hifadhidata nzima ingekaa ndani yake? Hiyo ndiyo hoja pekee ambayo mkuu wetu wa fedha bado ameishikilia.

Waya_Mrefu

Isingeondoa, na sababu yake haipo kwenye chuma.

SQL Server Express, hadi toleo la 2022, ina mipaka iliyowekwa na Microsoft yenyewe: hifadhidata moja haizidi GB 10, eneo la RAM linalohifadhi kurasa za data halizidi MB 1,410 kwa kila usakinishaji, na prosesa inayotumika haizidi soketi moja au viini 4, kile kilicho kidogo kati ya hivyo. Kwa hiyo hifadhidata yenu ya GB 6 haiingii kwenye RAM hata mkiwa na GB 128, na SQL Server hufungua mafaili yake kwa namna ya kuiruka kashe ya Windows (RAM inayotunza mafaili yaliyokwisha kusomwa), hivyo RAM inayobaki haiisaidii kwa mlango wa nyuma. Hicho ndicho mlichokiona kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi: data inayohitajika ni kubwa kuliko nafasi iliyoruhusiwa, basi inatupwa na kusomwa upya kutoka kwenye diski, hata mkirudia. Ripoti ya stoo ni ndogo, ikishasomwa mara moja inakaa ndani, na hapo ndipo kiini kinapobaki peke yake na mzigo.

Mkiwa na Express, viini 24 kati ya vile 28 havitaguswa na programu ya uhasibu kamwe. Kinachowafaa ni SSD, ambayo itaondoa ile nusu ya kwanza ya kusubiri, na kiini chenye kasi, ambacho kitapunguza nusu ya pili. Seva mpya ina vyote viwili. Ukiweka SSD kwenye ile ya mtumba utapata nusu ya kwanza tu. Si haba, na kama fedha zingekuwa hazipo kabisa ningewaambia mfanye hivyo.

Kuna mtego mmoja ambao nauandika hapa kwa sababu utawakuta kwenye seva yoyote mtakayoichagua. Mkiiweka SQL Server Express ndani ya mashine pepe, tazameni jinsi prosesa pepe zilivyogawanywa. Baadhi ya mifumo ya mashine pepe huzionyesha prosesa 4 kama soketi 4 zenye kiini kimoja kimoja. Express inaruhusiwa soketi moja, kwa hiyo itachukua kiini kimoja na kuviacha vitatu, bila kutoa ujumbe wowote wa kosa kwa mtumiaji. Badilisheni ziwe soketi 1 yenye viini 4, kisha muanzishe upya mashine. Ndani ya kumbukumbu za SQL Server, kwenye mistari ya mwanzo kabisa baada ya kuwaka, kuna mstari unaotaja idadi ya soketi na viini ilivyoviona na ilivyovitumia. Usomeni huo badala ya kukisia.

Juu ya RAM ya GB 32, inawatosha leo na kesho. Hakikisheni tu kwamba ni vijiti viwili vya GB 16, ili njia zote mbili zitumike na nafasi mbili zibaki kwa ajili ya kuongeza. Kijiti kimoja cha GB 32 kinaacha njia moja bila kazi.

Kati_kwa_Kati

Naona mjadala umesimama kwenye ncha mbili, ilhali kuna uwanja mpana katikati.

Seva zilizotumika za mwaka 2019 hadi 2021 sasa zinatolewa kwa wingi. Upande wa Intel kuna Cascade Lake. Wengi hukimbilia Xeon Silver 4210 au 4214 zenye GHz 2.2 za msingi kwa sababu ndizo nyingi, lakini kwa kazi kama ya mleta mada ni afadhali kutafuta zile zenye viini vichache na kasi kubwa, kwa mfano Gold 6244 yenye viini 8 na kasi ya msingi ya GHz 3.6. Inakula umeme kweli, TDP yake ni wati 150, ila ni prosesa moja. Upande wa AMD kuna EPYC 7302P yenye viini 16, GHz 3.0, na njia 128 za PCIe 4.0 kutoka kwenye soketi moja.

Anayenunua EPYC iliyotumika ikiwa prosesa peke yake, bila seva yake, awe macho. AMD iliweka uwezo wa kuifunga prosesa kwa fimwea ya mtengenezaji fulani wa seva, na kufuli hilo huchomwa ndani ya silikoni, halifunguki. Prosesa iliyowahi kuwashwa kwenye seva ya mtengenezaji aliyetumia uwezo huo haitawaka kwenye bodi ya mtengenezaji mwingine. Ukiinunua ikiwa ndani ya seva yake, tatizo hilo halikuhusu.

Na kwa anayetaka kipya, Xeon E si mlango pekee. EPYC 4004 zilitangazwa Mei 2024, zinatumia soketi ya AM5, na 4244P yenye viini 6, GHz 3.8 za msingi na TDP ya wati 65 inaingia kwenye mzani uleule na E-2436, huku ukomo wake wa RAM ukiwa GB 192. Ombeni bei za zote mbili.

Mzee_wa_Raki

Kwa vipimo hivyo, mleta mada, mimi naweka silaha chini: kazi yenu ni ya seva mpya. Utetezi wangu unabaki kwa wenye mashine pepe nyingi na mafundi wao wenyewe. Lakini ile E3 msiitupe. Ikishafutwa na kuwekewa mfumo unaohudumiwa bado, na diski mpya, inafaa sana kupokea bekapu za usiku, ikiwekwa chumba tofauti na seva kuu.

Karani_wa_Mitambo

Nimewasilisha vipimo pamoja na bei za leseni, na uongozi umeikubali seva mpya kimsingi. Limezuka swali moja tu la mwisho. Mwenzetu mmoja anasema tuokoe zaidi kwa kununua kompyuta ya kawaida ya mezani yenye Core i7 mpya, ambayo kwa kiini kimoja ina kasi ileile, na kwamba DDR5 yoyote ile ina ECC ndani yake. Je, ni kweli?

Leseni_Kwanza

Kwenye kasi yuko sahihi. Kwenye ECC amechanganya vitu viwili. DDR5 ina urekebishaji wa makosa ndani ya kila chipu, uliowekwa ili chipu zenyewe ziweze kutengenezwa kwa msongamano mkubwa wa data, lakini haulindi data inaposafiri kati ya kijiti na prosesa, na mfumo wa kompyuta hauambiwi kosa lilipotokea. ECC kamili huongeza biti za ulinzi kwenye njia nzima na kuripoti makosa, hivyo kijiti kinachoanza kuchoka unakijua kabla hakijaharibu hifadhidata. Kwa prosesa za Core za karibuni, ECC kamili inahitaji bodi yenye chipseti (chipu kuu ya bodi) kama W680, na ukishainunua bodi hiyo pamoja na vijiti vyake, ile tofauti ya bei na seva halisi imepungua sana, na bado huna usimamizi wa mbali. Zaidi ya hapo, mwaka 2024 Intel ililazimika kutoa maikrokodi mpya na kurefusha waranti kwa miaka miwili kwa Core za kizazi cha 13 na 14 za mezani kutokana na hitilafu ya volti iliyozifanya ziyumbe. Viraka vipo, lakini mashine ya namna hiyo isiingie kwenye kazi ya uhasibu bila BIOS yake kusasishwa kwanza.

Seva yenu ikifika, kabla ya kusaini hati ya mapokezi, fungueni PowerShell na kuandika Get-CimInstance Win32_PhysicalMemoryArray, kisha mtazame thamani ya MemoryErrorCorrection. Ikiwa ni 5 au 6, ECC inafanya kazi. Ikiwa ni 3, vijiti mlivyoletewa si vile mlivyolipia, au kuna mpangilio wa BIOS uliozimwa, na huo ndio wakati wa kumwita muuzaji.